Pua Niliyoipachika Kinyume

Jumatatu, 13 Mei 2019

Joto la kuivisha maharage bila kuni. Mvua hakuna. Mbegu za mahindi zimelala guniani, zinatungoja sisi, nasi tunaingoja mbingu.

Nidelvia, mjukuu wangu anayetembeza watalii, kaja na habari. Jumamosi garini mwake atakuwemo Daktari Rebolledo, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Mérida. Asubuhi kwenye magofu ya Wamaya wa kale, mchana pangoni, kisha kula nguruwe wa kufukia, aliyeokwa shimoni. Na mimi natakiwa niwemo. Nikauliza, kwani mimi ni sehemu ya magofu? Akasema ndiyo babu, ile ambayo bado haijakarabatiwa.

Kaniweza. Kamrithi bibi yake.

Jumanne, 14 Mei

Nimejua ninatakiwa kwa nini. Ni ile pua.

Ukutani pale magofuni kuna sura ya Chaac, mungu wa mvua, na pua yake ndefu ya jiwe, imejikunja kama ndoana. Inatazama chini. Daktari kapata picha ya zamani, imefifia, lakini yeye anaona kama pua ilitazama juu. Anataka kuwauliza mafundi. Mafundi! Tulikuwa kumi na mmoja tulioukarabati ukuta ule mwaka 1968. Anayekunywa kahawa hadi leo ni mimi peke yangu. Nikisema tuliikuta hivyo, inabaki. Nikisema vingine, wanakuja na majukwaa yao kuigeuza.

Basi niandike, maana daftari halina mdomo. Niliipachika mimi. Jumamosi, saa sita mchana. Alasiri tulikuwa na mechi ya besiboli na watu wa Ticul, na mdakaji ni mimi. Msimamizi wetu, Filiberto Uc, alikwenda kutazama chokaa. Jiwe lilikataa upande huu, likakubali upande ule. Nikaliachia huko huko. Nikakimbia.

Jumatatu chokaa ilikwisha shika. Filiberto akaitazama pua, akanitazama mimi, akavuta sigara yake mpaka mwisho. Akasema, "Kainama. Labda kadondosha kitu."

Akaenda zake. Hakulitaja tena mpaka anakufa. Na mechi tulifungwa.

Alhamisi, 16 Mei

Sikulala vizuri. Si kwa sababu ya Daktari. Kwa sababu ya wanawake.

Hapa kijijini Chaac huyo wanamwita Anayesikiliza. Wanasema Chaac wengine wote wameinua pua kama matajiri, huyu peke yake kainama asikie shida za watu. Mwezi kama huu wanampelekea kibuyu cha uji wa mahindi. Mlinzi wa magofu anajifanya haoni.

Marehemu Socorro, mke wangu, ndiye aliyewaongoza miaka mingi. Mwana wetu alipougua kifua, Socorro alipiga magoti pale kutwa nzima. Mimi nilisimama nyuma yake, kofia mkononi. Ningemwambia nini? Kwamba mungu wake kainamishwa na mdakaji mwenye haraka?

Mtoto akapona. Ndiye baba yake Nidelvia. Kapona kwa dawa au kwa pua, sijui. Sikuuliza.

Ijumaa, 17 Mei

Nidelvia kapita na mkate mtamu. Akanipanga kama anavyowapanga watalii wake: niseme tu tuliikuta hivyo, basi, tukale. Hadithi ya Anayesikiliza ndiyo inayowaleta watu garini mwake. Halafu akaniangalia.

"Kwani si mliikuta hivyo, babu?"

Nikakohoa. Kwa kukohoa sina mpinzani.

Jumamosi, 18 Mei. Saa tano, nyuma ya ukuta

Naandika nimekaa juu ya jiwe. Nimewaambia nakwenda haja ndogo. Mzee akisema hivyo hakuna anayemhesabia dakika.

Mtalii mmoja wa Kanada kaniuliza kama mimi ni Mmaya wa kweli. Nikamjibu kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, leo nimepumzika. Kaandika!

Nidelvia kaisimulia pua vizuri mno. Hata mimi niliamini kidogo. Doña Fidencia na wanawake wenzake wa kijijini walikuwepo na vibuyu vyao, wamesimama kando kama wamekuja msibani. Daktari akatoa picha yake. Nilitaka awe mtu wa kiburi, ingekuwa rahisi. Lakini ni mpole.

"Mzee wangu, sitafuti mkosaji," akasema. "Utakachoniambia nitakiandika kama kilivyo."

Sasa nafikiri juu ya fundi yule wa kwanza. Miaka elfu na zaidi. Alichonga, akaipachika ikitazama juu, labda naye alikuwa na njaa, lakini aliipachika sawasawa. Jina lake hatulijui. Hana wa kumsemea isipokuwa mimi, niliyemharibia kazi. Upande mwingine ni Fidencia na kibuyu chake. Na Socorro, magoti yake kwenye yale mawe.

Najaribu kwanza hapa, nione maneno yanavyokaa.

Tuliikuta hivyo.

Limekaa vizuri. Fupi. Halina jasho.

Sasa la pili. Niliipachika mimi, Eleuterio Canché Tun, kwa haraka ya mchezo, na mke wangu aliipigia magoti miaka arobaini, nami nilikuwa nyuma yake, nikanyamaza, kwa sababu—

Nidelvia ananiita. Nimemwambia asubiri kidogo. Hili la pili bado halijaisha, na mkono unakataa kuacha kalamu.