Kipimo cha Mama Kahambu

Jumatatu, 7 Julai 2025
Nimeunda fonction, kijiprogramu changu mwenyewe cha kompyuta! Mimi, Najma, binti wa fundi cherehani! Niliiandika vizuri, nikangoja — kimya. Nikaipiga kompyuta kofi. Kimya. Graciella, tunayekaa naye meza moja kwenye formation, mafunzo yetu ya kompyuta, alicheka hadi akashika tumbo. Akaniambia fonction haijipeleki kazini, lazima uiite kwa jina lake. Nikaiita. Ikaitika! Unaipa kifua na urefu wa mtu, inakurudishia kiasi cha kitambaa anachohitaji. Unaiandika mara moja, unaiita hata kwa ukoo mzima. Nimerudi nyumbani nikiruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Jumanne, 8 Julai
Mama hakuruka. Oda ya Mama Kahambu imefika. Huyu anauza unga kwa jumla, mwanawe anaoa, na wamama wote wa ukoo watavaa kitenge kimoja. Kazi tele, na mimi niko kwenye formation! Mama akakata shauri:
— Kama ile mashini yako inatusaidia kukata, utaendelea. Kama hapana, unarudia hapa kwa cherehani, njo mwisho!
Nimekubali kabla hajamaliza.

Jumatano, 9 Julai
Balaa. Nusu ya wamama hawakuleta vipimo. Kwetu hapa mama mnene hataji kifua chake. Anasema tu "Unanijua", basi. Mama anawajua kweli, kwa jicho. Lakini fonction haina jicho! Ikanigomea kwa maandishi mekundu: kipimo hakipo. Graciella akanipa dawa — weka kipimo cha akiba ndani yake, na usipoitajia kitu itatumia hicho. Nikaweka vipimo vyangu, maana nilikuwa najijaribia mwenyewe. Majibu yakamwagika, fyuu! Hakuna wekundu tena. Mimi ni hatari!

Ijumaa, 11 Julai
Mama yuko matangani kule Annexe tangu jana, mkasi kaniachia mimi. Nimekata vyote! Nimeunga vyote! Baridi ya Julai, na mimi natoka jasho la raha. Kitenge kimebaki kingi, nikajipongeza eti fonction ina ubahili mzuri.

Jumamosi, 12 Julai
Ninaandika nyuma ya pazia!! Mama Kahambu amekuja kujaribu, na Mama ndiyo kwanza anaingia kutoka matangani. Nguo ilipita mikono ikakwama. Mikono juu, kichwa hakionekani. Hapo ndipo nilipoelewa. Wote walionyamaza nimewakatia kwa kifua changu mimi! Na walionyamaza ndio wanene!

Dukani kitenge hicho kimekwisha. Kwaheri formation. Nilitaka kulia, kikanitoka kicheko — Mungu nisamehe! Kumbe Mama Kahambu naye humo ndani anacheka, nguo nzima inatikisika. Mama hacheki. Alivuta, akafumua, hakunitazama hata kidogo.

Mama Kahambu alipotoka ndani ya nguo, kilemba kimeanguka, nikamweleza yote mbio mbio. Hukutaja kipimo, mama, mashini ikachukua changu. Akanitazama kutoka juu hadi chini, wembamba wangu wote. Kisha, mlango ukiwa wazi na wateja wamejaa, akapaza sauti:
— Kifua, mia moja na makumi tatu na mbili! Andika! Na bale bengine nitabaita, baseme na bao!

Mama akanigeukia. Yale macho! Nikajua sasa nafukuzwa.
— Unangoja nini? Ingiza.

Nimeingiza. Jibu limetoka. Sasa wametandaza mezani kitenge kilichobaki, Mama anapima kama kitatosha, Mama Kahambu ameshika ncha ya pili, kila mmoja anavuta kwake, na mimi siwezi kutazama —