Simu Isiyo na Hodi

Jumatatu, 4 Machi 1996

Kaka yangu Walter amenipata kwa simu jioni, amefoka. Tangu asubuhi anapiga kutoka Nairobi, laini iko bize. Bize na nani? Mimi nilikuwa shuleni, nyumba imefungwa! Mama atapasuliwa figo Ijumaa.

Baadaye nikainua mkono wa simu nimpigie shangazi — sauti ya mwanamume! Anamsifia mtu wa Nyansiongo ng'ombe wake wa maziwa. Nikaijua mara moja. Mzee Thadeus, jirani yangu ng'ambo ya ua, mzee wa kanisa. Ndani ya simu yangu!

Jumanne, 5 Machi

Nimepita dukani kwa Ashok, aliyeniuzia hii simu isiyo na waya. Anacheka. "Mwalimu, hii ya zamani haina kufuli. Mkono yoyote ya aina yake ikiwa karibu, inashika laini." Ya waya, anasema, itamfikia dukani wiki ijayo.

Nikaenda kwa Mzee. Hata hakuficha! Mkono aliupata kwenye mitumba, soko la Daraja Mbili, akaufungia betri za tochi kwa mpira wa tairi. Ananionyesha kwa fahari. "Mwalimu, kwetu nani alishtakiwa kwa kuchukua omorero, moto wa jirani? Ukichukua kaa moja ya moto kwake, jiko yake inazima?"

Nikamwambia hata anayefuata moto hubisha hodi kwanza. Akaguna, akanikaribisha chai. Chai! Sikuinywa.

Jumatano, 6 Machi

Kwamboka, mke wa Mzee, kanikuta bombani: pole kwa figo ya mama, tunamwombea. Sijamwambia mtu hapa habari ya figo. Mtu yeyote! Kumbe wanakaa sebuleni kusikiliza ugonjwa wa mama yangu kama taarifa ya habari. Kinyaa kitupu. Nimeusugua mkono wa simu kwa spiriti. Najua ni upuuzi. Nimeusugua tena.

Alhamisi, 7 Machi

Ofisi ya simu. Karani kauliza: amekata waya? Hapana. Ameunganisha waya? Hapana. Basi, madam, niandike ameiba nini?

Sheria yake inajua waya tu.

Nikameza hasira, nikarudi kwa Mzee kumsihi. Kesho usiiguse, Mzee, nangoja habari za mama. Akaweka mkono kifuani — hataigusa. Kisha nikamsikia ng'ambo ya ua akiimba nyimbo za dini. Ana sauti nzuri, mnafiki yule.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeomba ruhusa shuleni. Tangu asubuhi nimekaa na simu mapajani. Kimya.

Mchana nikaingia jikoni kuepua chai. Ikalia! Mara moja tu, ikakatika kama mtu ameipokea. Nimekimbia, nimejimwagia chai mguuni — mkwaruzo, mkwaruzo, kisha mlio mtupu. Labda sarafu za Walter zimeisha kwenye kibanda cha simu. Atapiga tena. Lazima apige.

Ng'ambo ya ua hakuna wimbo.

Mlango wao umefunguliwa. Nawaona dirishani wanakuja, Mzee mbele, kofia mkononi, Kwamboka nyuma amejitanda leso.

Hodi, Mwalimu.

Anabisha polepole, kwa adabu zote. Leo ndiyo ameikumbuka hodi! Siku zote anaingia tu kwenye laini yangu, leo ndiyo anabisha!

Sifungui. Nimekaa chini, mgongo mlangoni, naandika. Simu iko hapa. Walter atapiga.

Hodi, anasema tena. Nyanchera, mwanangu, fungua.

Hajawahi kuniita mwanangu.