Tuliyemzika Mwana wa Hawa

Alhamisi, baada ya alasiri. Mvua imeshika tangu asubuhi, ile nyembamba isiyojaza ndoo wala isiyokuacha ukatoka. Nguo nilizokwendea Kojani nimezianika ndani, hazikauki.

Shajara, leo sina majivuno, na hiyo peke yake ni habari kwa anijuaye. Mie Shaame wa Vitongoji, niliyemkamata papa kwa pua akalia kama mbuzi (mashahidi wote wamekwisha kufa, Mungu awarehemu), nimekaa kitandani naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Barazani sitaki kwenda.

Nianze na maiti.

Tulimkuta mikokoni, mikono imefungwa nyuma, uso hautazamiki. Kauliwa, hilo halikuhitaji daktari. Polisi wakaja, wakauliza, wakatangaza. Hakutokea wa kusema "huyu wetu". Mwisho ikabidi azikwe. Mzee Hamad, mwosha maiti wetu, akamwosha, na kaburini akamsomea talkini, mafunzo ya mwisho anayoambiwa maiti. Kwetu maiti huitwa kwa jina la mama yake, fulani mwana wa fulani. Huyu hana jina, na mama hajulikani. Mzee Hamad akasita, kisha akamwita mja wa Mungu, mwana wa Hawa.

Sote wana wa Hawa. Lakini pale lilinichoma.

Ndipo tukaunda kamati ya kumtafutia jina: mie, Mzee Hamad, na Makame fundi baiskeli. Mwenyekiti mie, kwani ndimi mwenye akili ya upelelezi. Darasa la sita sikulimaliza, lakini mwalimu mwenyewe alikuwa akinikimbia kwa maswali. Siku ile ile nikatoa uamuzi: huyu mtu wa bara, kaja kwa magendo ya karafuu, wenzake wamemgeuka. Nilieleza vizuri hata nikataja rangi ya mashine ya boti. Watu wakaamini. Tukashinda bandarini Wesha tukiwauliza wapakizi habari za wageni, tukarudi, tukaenda tena.

Kumbe tunamtafuta mtu niliyemtunga mie.

Siku moja Mzee Hamad akachoka. "Shaame, magendo gani? Kaptura yake ilipunguzwa kiunoni, ikashonwa kwa uzi wa nyavu. Yule mvuvi."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Ulinyamaza lini nikasema?"

Makame alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi.

Tukageuza njia, tukazunguka pwani tukiuliza nani kapotelewa na mvuvi. Hakuna. Kila nyumba jibu moja: wetu wote wapo, na wasiokuwapo wako dago. Wavuvi wetu ndivyo walivyo, huhama na vyombo vyao, wakapiga kambi mbali wakafuata samaki, wakakaa miezi. Simu huko hazishiki. Mtu akiwa dago hauliziwi, hungojewa tu.

Basi nipo sokoni nachagua muhogo, muuzaji ananiuliza shemeji yangu hajambo? Nikajibu, "Yuko dago," nikaendelea kuchagua. Halafu mkono ukasimama. Sauti ya shemeji sijaisikia tangu Mfungo Tatu, mwezi wa Maulidi. Dada yangu naye analala usingizi wake, hana wasiwasi.

Neno dago linamfunika mtu kuliko udongo.

Shemeji tulimpata, mzima, akanikaripia kwa kumchuria kifo. Lakini swali nilikuwa nimeshalijua. Hatukuuliza tena nani kapotea. Tuliuliza, huyo aliye dago, nani kamuona mwisho? Kisiwani Kojani tukapata jibu. Kuna kijana, Bakari. Wenzake waliorudi kutengeneza chombo wakasema, "Yeye katoka dagoni kabla yetu, karudi kwao." Majirani wa kwao wakasema, "Bakari? Bado yuko dago."

Dagoni yuko nyumbani, nyumbani yuko dagoni. Baina ya maneno hayo mawili ndipo tulipomkuta.

Polisi tuliwaambia, nao wamekwisha kuwachukua wawili katika wale wenzake. Huko mie simo. Ikabaki nani akamwambie mama mtu. Nikatazama huku na huku. Makame akasema, "Mwenyekiti ni weye." Mzee Hamad akatazama miguu yake.

Ndiyo leo nikavuka.

Bi Mize, mama yake Bakari, nilimkuta ukumbini anachambua mchele. Nikatoa salamu, nikasema natoka Vitongoji, naitwa Shaame, na nimekuja kwa habari ya Bakari, si nzuri. Nikaisema. Akanitazama, kisha uso ukamfunguka.

"Weye ndo Shaame wa papa?"

"Ndiye, mama."

"Alhamdulillahi! Bakari hunihadithia uongo wako, tukacheka humu ndani mpaka mbavu zikauma. Basi kama ni weye uliyesema, mwanangu mzima. Keti nikupe chai."

Akamimina. Ilikuwa chai nzuri, ya mdalasini. Nikaiweka chini.

Nikamwambia habari ya kaptura. Mkono wake ukakaa juu ya ungo.

"Uzi wa rangi gani?"

"Kijani."

"Kaishona mwenyewe," akasema. "Nilimwambia ngoja nikutafutie uzi mweusi. Kasema huko baharini nani atanitazama kiuno."

Akausukuma ungo pembeni. Halafu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ina vumbi la mchele.

"Baba, watu wote wasema weye muongo. Nambie umetunga."

Maisha yangu yote watu huniomba niache uongo. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniomba niuseme. Na ulikuwapo, wallahi, ulimini kabisa: Bakari yuko Tanga, kaoa, kanenepa, anaona haya kupiga simu. Nilimuona mpaka na kofia aliyovaa.

"Sikutunga, mama."

Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, alipozikwa aliitwaje? Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Hawa ana wana wengi. Mie nnaye huyu tu."

Kesho baada ya sala ya Ijumaa anavuka kuja kaburini. Mzee Hamad ndiye atakayesema. Mie nitamshikia mwavuli, na mdomo nitaufunga.

Sasa hivi Makame ananiita dirishani. Barazani wamejaa, wanataka kusikia Shaame alivyofumbua fumbo. Siitikii. Nikitoka nitaanza vizuri, lakini najijua, kabla ya isha Bakari atakuwa amepigana na watu kumi.

Bakari mwana wa Mize. Jina naliandika hapa kama nilivyopewa, nisije nikaongeza neno.