Shangazi Tuliyemwandika kwenye Fomu

Nyumba Na. 41,
Mtaa wa Nyuma ya Kiwanda.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

U hali gani huko kwenye baridi? Hatujasikia sauti yako tangu mwezi uliopita, nikajipa moyo kwamba ni kazi tu imekubana. Kifua chako je? Au bado unalala madirisha wazi kama mzee asiyeambilika? Sisi tunapumua. Baba anakula, analala, anagombana na redio, kwa hiyo ni mzima.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu mkono unakuwa mzito. Habari yenyewe ni ya Shangazi, na si njema.

Magoti yake yamekwisha. Mwezi wa kwanza alishindwa kuinuka pale kwenye ngazi za uani, beseni la nguo likamwagika lote. Daktari alimpiga picha akasema basi: hakuna kufua, hakuna kupiga deki, hakuna kupanda ngazi. Miaka ishirini na sita ya kututumikia, Kaka. Mimi nilikuwa darasa la pili alipokuja kwetu kufanya kazi za ndani, na begi lake la kijani.

Nikasema nimpeleke ofisi ya mfuko wa pensheni, angalau aanze kupata chake. Usicheke. Mimi, karani wa mishahara, ninayekata kodi na kupeleka michango ya wafanyakazi mia tatu wa kiwanda kila mwezi bila kuruka hata mmoja, sikuwahi kujiuliza ya Shangazi inapelekwa na nani. Nilidhani Mama. Baba alidhani wewe. Mama, Mungu amrehemu, sidhani kama alijua kitu kama hicho kipo. Hakuna aliyepeleka, wala mkataba hajawahi kuandikiwa.

Karani wa pale, mwanamke mpole mwenye miwani, hakutugombeza. Alisema anayeajiri mtu nyumbani kwake ni mwajiri sawasawa na kiwanda, na akichelewa anaweza kulipa michango ya nyuma pamoja na faini, mradi akiri kwamba huyo ni mfanyakazi wake. Nikaona afadhali. Kisha akabonyeza kompyuta yake, akasita, akatugeuzia kioo.

Ilikuwa ile fomu ya bima ya afya, maana siku hizi kompyuta za ofisi hizo zinasomana. Unaikumbuka? Mwaka ule tumbo lilipomshika akawa anajikunja kwenye sakafu ya jikoni, na bima ya Baba ilikuwa inakubali ndugu wa damu tu. Baba alikuwa safarini, wewe ukaijaza na kuweka sahihi kwa niaba yake, ukamwandika kuwa ni mdogo wake wa mwisho. Alipasuliwa siku hiyo hiyo, akapona. Tulicheka wiki nzima. Tukaacha kumwita Dada tukaanza kumwita Shangazi, kwa utani, mpaka utani ukakolea ukawa jina. Sikulaumu, Kaka. Bila fomu ile tungemzika. Lakini ndiyo hiyo hiyo leo inayosema hatujawahi kumwajiri.

Karani akamgeukia yeye. "Mama, hebu niambie mwenyewe. Hawa ni ndugu zako au ni waajiri wako?"

Shangazi alinitazama. Nilijua anachowaza, maana na mimi nilikuwa nawaza hicho hicho: akisema waajiri, basi fomu ni ya uongo, na uongo wa bima una kesi. Akauweka mtandio wake vizuri, akasema, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu."

Nami nikanyamaza. Nakuambia hili bila kujitetea. Niliogopa kiwanda kikisikia nitafukuzwa kazi, nikamwacha Shangazi aitupe pensheni yake mbele ya macho yangu kwa ajili yetu. Nina aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Njiani nilijaribu kumwomba radhi, akanikatiza. "Ulitaka nikuchongee, mwanangu? Hebu tembea, baba yako hajala." Kana kwamba tumetoka sokoni.

Sikuweza kustahimili. Jumanne nilipiga moyo konde, nikarudi peke yangu, nikaandika maelezo kwa mkono kurasa mbili: mwaka alioingia, kazi alizofanya, na mahali alipolala, kile chumba cha stoo chenye meza ya kupigia pasi. Karani aliyapokea, ila hayatoshi. Aliyejaza fomu lazima mwenyewe ale kiapo mbele ya wakili kwamba yule si dada wa Baba. Baba hawezi kutusaidia. Siku hizi amesahau mengi, ukimuuliza atakuapia kwamba ni dada yake wa tumbo moja.

Huenda tukadaiwa gharama za hospitali. Huenda wewe ukaandikiwa kosa, na najua karatasi zako za ukaazi huko zinaulizia mambo kama hayo. Sikulazimishi. Faili linafungwa mwisho wa mwezi ujao, na bila kiapo chako hatapata kitu.

Jana nilimwambia nilichokifanya. Nilitegemea atafurahi, au basi atanisema. Alikuwa kwenye kigoda anachambua mchele, kazi pekee ambayo daktari hakuikataza. Aliokota kijiwe, akakitupa. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Kwa hiyo karatasi hiyo ikipita, mimi si shangazi yenu tena?"

Nikamwambia asiseme hivyo. Kaka, miaka yote hii tulijiona wema kwa kumwita ndugu, na undugu wenyewe ndio kitu pekee tulichompa. Sasa nakuomba umnyang'anye hata huo, kwa kiapo, ili apate haki yake. Nimelia nikiandika hapa. Fanya hivyo, tafadhali.

Msalimie sana wifi, na mapacha uwabusu kwa niaba yangu. Baba anakusalimu. Shangazi naye anakusalimu. Amesema nikuambie ufunge madirisha. Mungu akulinde, na akupe ujasiri niliokosa mimi siku ile.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako.