Mabati Mapya Juu ya Miti ya Zamani

Papa,

Nimeolewa. Wewe baba yangu ulipaswa kuwa wa kwanza kuambiwa, na umekuwa wa mwisho, kwa sababu nilikukasirikia na sikutaka kukuandikia.

Wilondja ni mume wangu sasa. Asubuhi ananiita "madame" mbele ya majirani, nami najifanya sikusikia ili aite tena. Tukienda sokoni ananishika mkono kana kwamba mji wote wa Mboko ni wetu wawili. Nina furaha mpaka naona haya, na hasira yangu kwako imekaa katikati ya furaha hiyo kama mwiba wa samaki kooni.

Unajua ilivyokuwa. Wakwe hawaleti mbuzi wa mahari kwenye nyumba inayovuja, ndivyo ulivyosema. Ukajinyima sukari, ukajinyima viatu, ukaenda mjini Baraka kununua mabati. Kuta ulizipaka mwenyewe udongo mweupe wa mtoni, ukiuchanganya na maji mazito ya unga wa muhogo ili usibanduke mkononi. Zilipendeza kuliko za watu wenye rangi ya dukani. Nilijivuna, Papa.

Lakini miti ya paa uliiacha ileile aliyoiweka babu. "Mabati itafunika," ulisema. "Nani atachungulia kule juu?" Na fundi Asende alipopita kuomba kazi, ulimfukuza kwa mzaha: "We Asende, unataka kula makuta, pesa ya harusi ya mutoto wangu?" Alicheka akaenda zake. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi, nikacheka pia. Misumari nilikupa mimi, mmoja mmoja. Hilo sijamwambia mtu.

Mti wa tatu ulikatika chini ya mguu wako. Mchwa walikuwa wameumaliza ndani, limebaki ganda. Tulikupeleka hospitali ya Nundu kwa pikipiki, mimi nyuma yako nikikushikilia, na siku ya nne ukatuacha. Watu wa kilio walikaa chini ya turubai kwa sababu nyumba ilikuwa nusu wazi. Mbuzi wa kwanza wa wakwe zangu alifika kweli, Papa. Alichinjwa kwa ajili ya matanga yako.

Juzi mama mkwe wangu alikuwa anatwanga majani ya muhogo ya sombe, akaniambia bila kuinua macho: "Binti yangu, siye hatukukuja kuangalia mabati. Tulikuja kukuona we na baba yako." Nilichukua mchi nikatwanga mpaka akanionea huruma.

Sasa sikiliza ulichotuachia. Nyumba tunayoishi, aliyoiacha bibi yake Wilondja, inavuja juu ya kitanda. Kuta nimezipaka kwa udongo wako na unga wako, na sitakataa, kwa kuta ulikuwa sahihi. Ukuta ukikosea unapaka tena. Lakini Jumamosi nilitoka shambani nikamkuta mume wangu ameegemeza ngazi ukutani, misumari mdomoni. Anakuheshimu mno, ulimfundisha darasa la sita. "Mwalimu alitufundisha kuokoa makuta," akasema. "Na mi niko mwepesi kuliko ye."

Nililaza ngazi chini nikaikalia. Wamama waliokuwa wanapita wakasimama. "Muangalie, iko na wivu na ngazi." Hata mimi ningecheka siku nyingine. Nilimwambia, mbele yao wote: "Mimi nimezika mmoja aliyekuwa anaokoa makuta kwa ajili yangu. Wa pili siziki." Chakula kilipoa. Kisha Wilondja akavaa shati, akaenda kumwita Asende.

Asende alikuja na panga. Kabla ya kukanyaga mti wowote aliugonga kwa mgongo wa panga, akatega sikio. Miwili ililia kama ngoma. Akaitoa, akaweka mingine. Maharagwe yangu yalikuwa bado hayajaiva, naye amekwisha kuigonga yote. Basi ni hivyo tu, Papa. Kugonga na kusikiliza. Na alichoomba kwa kazi yote ni kidogo kuliko nilichomlipa mwanamke aliyenisuka nywele za harusi. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, Wilondja akanifuata, akanishika mabega. Ndiyo maana nampenda.

Sijui kama nimekusamehe. Leo hapana. Ulinipenda kwa kujinyima, nami nilitaka unipeleke kanisani, hata kama nyumba yetu inavuja.

Mungu akinipa mtoto, nakuahidi nitamwambia ulikuwa mwalimu hodari na ulinipenda sana. Nitamwambia pia kwamba ulikosea. Yote mawili, siku ileile, ili asije akafikiri kupendwa ni kufiwa.

Pumzika, Papa. Mvua imeanza huku, na sisi tunalala pakavu.

Binti yako,
Riziki