Mjane wa Kwenye Sinema na Shamba la Mama Zena

Ruhembe,
kupitia Mikumi, Kilosa

Dada yangu Agnesi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta hapo Newala ukiwa mzima, na kifua cha mama kimetulia baada ya ile dawa. Kama bado anakohoa usinifiche, niandikie ukweli. Mimi sijambo kabisa. Mvua zimechelewa, lakini darasa langu la watu wazima linajaa kuliko lile la watoto.

Riwaya uliyonitumia nimeimaliza. Mwandishi anakijua Kiswahili, simnyimi haki yake. Lakini mbona yule binti anakosea mara moja tu mwanzoni, halafu anachapwa kitabu kizima? Nimechoka na hadithi za kumfunza mwanamke adabu, na sasa nina sababu ya kulisema hilo kwa sauti kubwa. Sikiliza yaliyotokea huku.

Mwezi uliopita gari la sinema lilitufikia likitokea Mikumi. Wakatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la kijiji, na jua lilipozama watu walikuwa wamejaa, hata wakata miwa wenye masizi usoni. Sinema yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, na mfasiri wao homa ilikuwa imemkausha sauti. Mwenyekiti wa kijiji akanitazama.

"Mwalimu Monika, shika kipaza sauti."

Nikashika. Ilikuwa habari ya mjane mwenye shamba la ngano. Shemeji yake, bwana mmoja wa kofia pana na farasi, anamwambia shamba ni la ukoo wao, aondoke. Nasikia sentensi, naigeuza, watu wanaguna. Mjane alipoitwa mbele ya wazee wa mji, mkanda ukakatika. Shuka likabaki jeupe.

"Ikawaje, mwalimu?"

"Sijui. Hata mimi naiona leo."

"Wewe umesoma, tuambie hivyo hivyo!"

Nikawaeleza wazi kwamba yanayofuata ni yangu, si ya sinema. Kisha nikamsimamisha yule mjane mbele ya wazee, nikampa maneno: "Nililima mume wangu akiwa hai, nikalima akiwa mgonjwa, nikalima nilipotoka kumzika. Nionyesheni jembe la shemeji lililoingia humu." Walipiga makofi mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi.

Sasa, miongoni mwao alikuwepo Mama Zena, mwanafunzi wangu, aliyefiwa na mume mwaka jana. Shemeji yake, Bwana Saidi, alikuwa amekwishaanza kuligawa shamba lake la mpunga, na mama wa watu amenyamaza tu. Asubuhi yake akaenda kwa mwenyekiti kushtaki.

Jioni fundi akaunganisha mkanda, tukaona mwisho wenyewe. Mjane analia, anatia sahihi, anapanda treni. Nilitafsiri neno kwa neno, sikupunguza kitu, ingawa mwisho ule sikuupenda.

Kwenye mkutano wa kijiji Bwana Saidi akasimama. "Ndugu mwenyekiti, mwalimu amempotosha shemeji yangu. Sinema ya kweli sote tumeiona. Mjane aliondoka. Yale mengine mwalimu alitunga."

Dada, sikuogopa, nilikuwa na hasira tu. "Nilitunga, na nilisema natunga," nikajibu. "Aliyetengeneza sinema naye alitunga. Wala yeye shamba la Mama Zena halijui."

Mwenyekiti akamgeukia Mama Zena. "Wewe, mama, ulikuja kwangu kwa sababu ya maneno ya mwalimu?"

Alisimama taratibu, akakaza khanga yake. "Hapana. Maneno yale nilikuwa nayo moyoni tangu msiba. Nilikuja kwa sababu ya makofi. Niligeuka nione ni nani wanaopiga. Shemeji, wewe ulikuwa nyuma yangu, na ulipiga kuliko wote."

Mkutano mzima uliangua kicheko. Bwana Saidi mwenyewe alijaribu kununa, akashindwa, akajiziba mdomo kwa kofia. Kamati ya kijiji haikuchelewa: shamba ni la Mama Zena na wanawe. Mpunga wa msimu huu atapanda yeye.

Sisemi sinema ziseme uongo. Labda huko kwao wajane ndivyo wanavyofanyiwa, na aliyeitengeneza alikuwa akiwalilia. Ila anayetazama naye ana haki ya kukataa. Kwa hiyo nitumie vitabu vingine, hasa vile vinavyoudhi. Darasani siku hizi tunasoma mpaka sura moja kabla ya mwisho, tunafunga kitabu, kila mmoja anasema lake, ndipo tunafungua. Wiki iliyopita walibishana mpaka mafuta ya taa yakaisha.

Mpe mama shikamoo yangu na umshike mikono yote miwili. Nisalimie shangazi yetu mkunga, mjomba mwenye mikorosho, na shemeji yangu mumeo, mwambie asome na yeye badala ya kukuuliza kila kitabu kiliishaje.

Mimi mdogo wako, mzima na mwenye ubishi ule ule,

Monika