Jiwe kwenye pipa la dubu

Akeyo, uko? Tuko ndani ya basi la kanisa, msituni, mwendo wa saa tatu kutoka mjini Tumba, huku ughaibuni. Nje kuna dubu. Dubu kweli.

Unakumbuka pipa langu la taka, lile nililobuni ili dubu asiweze kulifungua? Limewekwa hapa kwa majaribio. Walioshindwa kulifungua ni wanakwaya wenzangu.

Mama Victoire akawaonea huruma. Akakwamisha kifuniko kwa jiwe kibaki wazi. Eti "nimewasaidia watu, mwanangu." Amewasaidia watu.

Dubu akaingiza kichwa, akala miiba yote ya samaki tuliowala. Sasa ametoa kichwa, jiwe limeanguka, kifuniko kimejifunga. Anapiga, anavuta, wapi. Pipa linafanya kazi, Akeyo.

Ameliacha. Anakuja kwenye basi.

Na Mama Victoire ameipakata sufuria ya samaki waliobaki.